Watani wa Jadi Wanapomgombania Mwanao: Jinsi ya Kupokea Ofa za Mpira wa Kimarekani

Naandika kutoka Columbus, Ohio, kwa wazazi wenye kijana wa mabega mapana katika nchi ambayo mabega mapana yana soko. Kwetu Tanga mpira nilioukulia ni wa Coastal Union, na mpaka mwanangu Salim anaingia darasa la tisa nilikuwa sielewi kwa nini mchezo huu wa helmeti unasimama kila baada ya sekunde chache. Siku hizi kina mama wenzangu hapa mjini, Wakongo, Wabajuni, Wakenya, hunipigia kila kocha anapomtumia mtoto wao ujumbe. Nafanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee na asubuhi nataka kulala, basi nayaandika yote mahali pamoja.

Nianze na hili. Vyuo viwili ambavyo ni watani wa jadi vikimtaka kijana mmoja, kinachopanda haraka ni sauti za makocha. Kinachoandikwa kwenye karatasi hakipandi kwa sababu hiyo. Kazi ya mzazi ni kuutumia ushindani wao ili apate majibu ya maandishi mapema, kabla mtoto hajalewa sifa.

Ofa ya mdomo

Kocha anaweza kumwambia mtoto wa darasa la kumi kwamba chuo kinampa ofa, yaani nafasi ya kucheza kwa ufadhili wa masomo. Mtoto anakimbilia simu anaandika kwamba amebarikiwa kupokea ofa kutoka chuo fulani, na ukoo mzima kuanzia Ohio hadi Chumbageni unapiga vigelegele. Hapo hakuna karatasi. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, chuo hakiwezi kumpa mchezaji wa mpira huu ofa ya maandishi mpaka tarehe 1 Agosti ya mwaka anaoingia darasa la kumi na mbili. Kusaini huanza Jumatano ya kwanza ya Desemba, na kuna nafasi nyingine Februari. Kabla ya kusaini, chuo kinaweza kurudisha neno lake, na mtoto anaweza kurudisha lake. Kwetu tungeiita posa: washenga wamekuja, kahawa imenyweka, lakini kadhi hajaitwa.

Chuo kikubwa hutoa ofa za mdomo kwa vijana mia moja na zaidi kwa mwaka mmoja, na wanaosaini huwa ishirini na kitu. Kwa hiyo zipo ofa ambazo mtoto akisema ndiyo, simu ya kocha inaanza kuita bila kupokewa. Swali la kuuliza ni moja tu, nalo liulizwe na mzazi kwa upole: “Mwanangu akikubali leo jioni, mnampokea leo jioni?” Kocha mwenye nafasi atasema ndiyo. Asiye nayo ataanza kueleza habari za kambi ya Juni, kwamba wangependa wamwone kwanza akikimbia mbele yao. Hilo nalo ni jibu, mshukuru, andika tarehe kwenye daftari.

Watani wa jadi wanaigana sana katika jambo hili. Mmoja akitoa ofa Jumanne, mwenziwe anaitoa Alhamisi, maana hakuna anayetaka kuulizwa na mashabiki wake kwa nini kijana wa jirani hakuonekana. Salim alitakiwa na vyuo viwili vya hapa Ohio vya ngazi ya kati ambavyo haviwezi kuonana bila kutupiana maneno, majina nayaacha. Kocha wa chuo cha pili alinipigia akamsifia mwanangu jinsi anavyokimbia na mpira mkononi. Salim anacheza mstari wa mbele wa ulinzi. Mpira haushiki. Nikajua ofa ile ilitolewa kwa sababu ya Jumanne ya wenzake.

Masomo kwanza, na mapema

Hapa sitakaa sana, lakini watoto wetu wengi hukwama hapa kuliko uwanjani. Ili acheze mwaka wa kwanza katika Daraja la Kwanza la NCAA, mtoto anahitaji masomo 16 ya msingi na wastani wa alama 2.3, kwenye kipimo cha 4.0, katika masomo hayo: Kiingereza miaka minne, hesabu mitatu, sayansi miwili, na mengine. Kumi kati ya hayo yawe yamekwisha kabla ya mwaka wa mwisho, na saba katika hayo kumi yawe ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Mtihani wa kuingilia chuo, SAT au ACT, haudaiwi tena na NCAA tangu 2023.

Mtego kwa wageni ni huu: si kila darasa la Kiingereza kwa wanaojifunza lugha huhesabiwa. Kila sekondari ina orodha ya masomo yake yaliyoidhinishwa na NCAA, inapatikana bure kwenye mtandao. Keti na mshauri wa shule darasa la tisa, mpitie mstari kwa mstari. Na kama mtoto alisoma nyumbani, Kigoma au Mombasa au Bukavu, rekodi zake kuanzia mwaka wa tisa wa shule zitadaiwa, kwa lugha yake ya asili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Walimu wakuu wa kule hawajibu haraka. Tuma mtu.

Mbinu wanazotumia, na la kufanya

Ya kwanza ni kukuharakisha. “Nafasi imebaki moja, na Jumapili kuna kijana mwingine anakuja.” Pengine ni kweli. Omba yaandikwe kwenye ujumbe wa simu: nafasi ngapi, nafasi gani uwanjani, mpaka siku gani. Kocha mkweli ataandika. Na ukishapata maandishi ya chuo kimoja, mwambie kocha wa mtani wake, kwa adabu, kwamba wenzao wameshaandika. Hutaona watu wenye bidii ya kuandika kama watani wa jadi walioambiwa hivyo. Hii ndiyo faida pekee ya uhasama wao inayomfikia mtoto, itumie bila haya.

Ya pili ni kumsema jirani. Atakwambia kocha mkuu wa kule anaondoka, kwamba wana vijana watano wanaocheza nafasi ya mwanao, kwamba mji wao hauna watu kama nyinyi. Usibishane naye. Yageuze yote kuwa maswali, uyapeleke upande wa pili: “Mna wachezaji wangapi wa nafasi yake, na wangapi wanabaki mwakani?” Orodha ya kikosi iko wazi kwenye tovuti ya kila chuo, na mwaka wa kila mchezaji umeandikwa. Ihesabu mwenyewe usiku mmoja. Mimi niliihesabu zamu ya saa tisa usiku wazee wakiwa wamelala, na ilinieleza mengi kuliko kocha yeyote.

Ya tatu ni uzalendo wa jimbo. Makocha wa vyuo vikubwa huona aibu kijana wa jimbo lao akivuka mpaka kwenda kwa mtani, na watamwambia mtoto kwamba kuvuka ni usaliti. Hapa Columbus wiki ya mechi ya Ohio State, chuo cha mji huu, na Michigan, mtani wake wa jimbo jirani, kila herufi M kwenye mabango ya chuo huzibwa kwa utepe mwekundu. Mimi naona raha tu, lakini kijana wa miaka kumi na saba anaweza kuichukulia kwa uzito. Mwambieni habari za Desmond Howard wa Cleveland na Charles Woodson wa Fremont. Wote wawili ni watoto wa Ohio, wote walivuka wakaichezea Michigan, na wote walitwaa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo, mmoja 1991 na mwenzake 1997. Wakongo wa hapa nawaongezea Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada: mwaka 1995 aliichezea Michigan akakimbia na mpira yadi 313 dhidi ya Ohio State katika mechi moja. Wazee wa mji huu ukilitaja jina hilo wanashika kichwa.

Ya nne ni kumpamba mtoto. Picha amevishwa jezi kwa kompyuta, moto unawaka nyuma yake, jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Kwenye ziara watampiga picha nyingi za jezi zao halisi. Hazina ubaya, lakini aelewe kwamba jezi ile inavuliwa na kuvalishwa anayefuata dakika kumi baadaye. Reuben Foster, kijana wa jimbo la Alabama, alifika mpaka kujichora tatuu ya chuo cha Auburn mkononi baada ya kuwaahidi. Mwaka 2013 akasaini na watani wao, Chuo Kikuu cha Alabama, na tatuu akaenda nayo. Salim niliruhusu picha. Wino nilikataa.

Ya tano ni kuja nyumbani kwako. Kocha mkuu mwenyewe, kiatu kinang’aa, anavua mlangoni kwa sababu msaidizi wake amemfundisha. Mpikie pilau kama kawaida ya wageni, akila akisifu mwache asifu. Lakini kabla sahani hazijatolewa, weka daftari mezani. Mimi maswali yangu niliyaandika kwa Kiingereza, nikampa mdogo wangu ayasome, kwa sababu makocha huzoea kumjibu mtoto na kumtabasamia mama.

Maswali ya daftarini

Hapa ndipo mambo yamebadilika, na wengi bado wanafuata habari za zamani. Hadi msimu wa 2024, chuo cha ngazi ya juu, FBS, kilikuwa na nafasi 85 za ufadhili, na aliyepewa alipewa wote. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, ile ya wachezaji waliodai malipo. Vyuo vilivyoingia kwenye suluhu hiyo sasa vina kikomo cha wachezaji 105, na kila mmoja wao anaweza kupewa ufadhili wote, robo, au asipewe kitu. Vilevile ile barua ya kitaifa ya kusaini, iliyotumika tangu miaka ya 1960, ilifutwa Oktoba 2024. Kinachosainiwa sasa ni mkataba wa msaada wa fedha kati ya mtoto na chuo. Kwa hiyo neno “ofa” peke yake halikuambii kiasi.

Uliza: ni asilimia ngapi? Inagusa ada, chakula, chumba, vitabu na ile posho ya gharama za kuishi, au ada tu? Mtoto wa jimbo jingine katika chuo kikubwa cha serikali hugharimu zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na tofauti ya asilimia 60 na 100 hapo ni nyumba ya mtu. Mkataba ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au wa miaka yote? Masomo ya kiangazi nani analipa? Akiumia goti, matibabu yanaendelea mpaka lini? Vyuo vya Daraja la Kwanza vinatakiwa kugharamia majeraha ya mchezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka, lakini muulize aeleze mwenyewe, usikie kama anaijua kanuni. Ataanza masomo Januari, Juni au Agosti? Hili la mwisho lina siri: wapo makocha wanaomkubali kijana kisha, kikosi kikijaa, wanamwomba asubiri nusu mwaka nyumbani kwa gharama zake.

Na swali ambalo makocha hawalipendi: wewe ukiondoka, kuna nini kwenye karatasi kinachobaki? Jibu sahihi ni kwamba mkataba ni wa chuo, kwa hiyo fedha zinabaki. Lakini nafasi ya kucheza na mapenzi ya kocha mpya hakuna wa kuviahidi.

Majibu yote yarudiwe kwa barua pepe. Chuo kimoja kilitujibu ndani ya siku mbili, mistari mitano mikavu yenye namba. Mtani wake alituma ile picha ya moto.

Kuna watani wengine ambao ofa zao ni za aina tofauti kabisa. Harvard na Yale, na wenzao wote wa Ivy League, ule umoja wa vyuo vya kale, hawatoi ufadhili wa michezo. Wanatoa msaada kulingana na kipato cha familia, na kwa familia nyingi za wageni msaada huo ni mkubwa kushinda ufadhili wa mpira, ila mtoto awe na alama za kuingilia. Army na Navy, vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini, hawatozi ada, lakini mtoto lazima awe raia wa Marekani, na akimaliza analitumikia jeshi angalau miaka mitano. Nimewahi kusikia mzazi akisema “bure” katika habari hiyo. Miaka mitano ya jeshi siiiti bure.

Fedha za jina

Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, ndiyo hiyo NIL, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo kwa michezo yote pamoja hadi kama dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa inakwenda kwa wachezaji wachache wa vyuo vichache. Kama mwanao ni wa ngazi ya kati, usimwache apange maisha kwa habari za kwotabeki, yule mrusha mpira, anayeonekana kwenye televisheni.

Hata hao wa televisheni hawako salama. Jaden Rashada alikuwa amewaahidi Miami, akahamia kwa watani wao Florida mwishoni mwa 2022, na habari za mkataba wa zaidi ya dola milioni 13 zikaenea. Fedha hazikuja, akaomba kuachiliwa, akaenda Arizona State, na 2024 akafungua kesi. Ahadi ya fedha itakayolipwa na “rafiki wa chuo” ipelekwe kwa mwanasheria kabla mtoto hajamkatalia mtu mwingine yeyote kwa ajili yake.

Jambo la wageni peke yetu: mtoto aliye kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ana mipaka mikali ya kazi, na malipo haya yanaweza kumharibia viza. Mwanasheria wa uhamiaji, tena kabla ya saini. Kocha akisema “wengine wanafanya tu,” kocha si afisa uhamiaji.

Ziara

Kuanzia 1 Aprili ya darasa la kumi na moja chuo kinaweza kugharamia ziara rasmi: safari, chakula na malazi, kwa mtoto na jamaa wawili. Nenda wewe mwenyewe. Panga watani wote wawili ndani ya majuma machache ili kumbukumbu zisipauke, na anza na yule unayemdhania ni wa pili kwako. Omba mtoto apate saa moja na wachezaji wa nafasi yake bila kocha, awaulize nani aliumia mwaka jana na alitunzwaje.

Mimi niliuliza habari za chakula halali na Ramadhani. Miaka hii mfungo unaangukia Februari na Machi, na mazoezi ya majira ya kuchipua yanaanza karibu na wakati huo. Chuo kimoja walinionyesha mtaalamu wa lishe ambaye tayari alikuwa na wachezaji wanaofunga. Alitaja daku kwa saa zake. Kule kwingine waliniambia “hakuna shida kabisa,” bila mtu wala mpango.

Wiki ya mechi, na Jumatano inayofuata

Ratiba imekaa vibaya kwa makusudi au kwa bahati, sijui. Mechi nyingi za watani wa jadi, Ohio State na Michigan, Alabama na Auburn, huchezwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Kusaini ni Jumatano inayofuata. Kwa hiyo siku nne kabla ya saini mtoto anaona watu laki moja wakipiga kelele, mmoja anashinda, na makocha wa aliyeshinda wanapiga simu usiku huohuo. Makocha wengine wanafukuzwa Jumapili.

Nyumbani kwangu sheria ilikuwa hivi: uamuzi ufanyike kabla ya mechi, uandikwe, na baada ya Jumamosi usibadilike ila kwa sababu moja tu, kocha kuondoka. Salim alinuna. Jumapili kocha wa chuo tulichokiacha alipiga mara nyingi, na kila mara alikuwa na kitu kipya cha kuongeza, vyote vya mdomo. Nikamwambia aandike. Hakuandika.

Siku ya saini soma mkataba mzima kabla ya sherehe ya shuleni, ya keki na kofia za chuo. Linganisha asilimia na ile barua pepe. Angalia jina limeandikwa kama kwenye pasipoti au kadi ya ukaazi. Jina la babu la mwanangu lilikuwa limeachwa, tukarudisha wakarekebisha kabla ya saa tatu. Akishasaini, vyuo vingine haviruhusiwi kuendelea kumshawishi, na simu inapoa.

Lakini aliyekataliwa aambiwe na mtoto mwenyewe, kwa sauti yake, kabla ya picha kutoka. Makocha wanahama. Bo Schembechler alikuwa msaidizi wa Woody Hayes pale Ohio State, na 1969 akawa kocha mkuu wa Michigan, akamfunga mwalimu wake mwaka huohuo. Unayemtukana leo anaweza kuwa kocha wa mwanao miaka miwili ijayo, hasa sasa wachezaji nao wanapohama kila mwaka.

Salim alipiga akiwa amesimama jikoni, nikamsikia akisema asante mara tatu. Kisha akanipa simu, kocha alitaka kuniaga. Alinishukuru kwa pilau. Akauliza kama yule mdogo wa darasa la nane aliyemwona sebuleni anaendelea kukua. Nikamwambia anakua vizuri, alhamdulillahi, na anacheza mpira wa miguu.